Namna ya kuomba kasha lako lipande treni kutoka Bandari ya Mombasa hadi Embakasi

Waagizaji wengi wa Nairobi huikumbuka treni siku meli inapotia nanga Kilindini, na kufikia siku hiyo mambo mengi huwa yameshaamuliwa. Ombi la kusafirisha kasha kwa reli huanzia kwenye mstari mmoja wa hati ya shehena (bill of lading, stakabadhi ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli), ule unaotaja mahali mzigo utakapokabidhiwa, na mstari huo hujazwa kasha likiwa bado Guangzhou, Mumbai au Jebel Ali. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale ya kufanya kabla meli haijang'oa nanga huko itokako.

Treni za mizigo za SGR, yaani reli mpya ya kisasa, zilianza kazi Januari 2018 kwenye njia ya kilomita 472 kati ya Mombasa na Nairobi. Treni moja yenye mabehewa 54 huondoa bandarini makasha 108 ya futi 20 kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo ilipo faida yake wakati yadi ya Kilindini imefurika na malori yamepanga foleni langoni. Agosti 2019 serikali iliagiza kwamba mizigo yote ya Nairobi na ya bara isafirishwe kwa reli, agizo lililopingwa vikali Mombasa barabarani na mahakamani. Kisha Septemba 2022 Rais William Ruto akatangaza kuwa shughuli za kugomboa mizigo zirudishwe Mombasa. Kwa mwenye mzigo, maana yake ni kwamba ana njia mbili, na hatua ya kwanza ni kuchagua mojawapo.

Njia ya kwanza ni ya hati moja ya shehena inayofika mpaka bandari kavu ya Embakasi, yaani kituo cha bara kinachopokea na kuhudumia makasha kama bandari. Hapa kasha hushushwa melini, hupakiwa kwenye behewa likiwa bado chini ya ulinzi wa forodha, na hugombolewa Embakasi. Njia ya pili ni kugomboa mzigo Mombasa kwanza, kisha wewe au wakala wako wa forodha mkaomba nafasi ya treni kwa Shirika la Reli la Kenya. Ya kwanza humfaa mwenye ghala Nairobi, Thika au Athi River, hasa mwenye mzigo mzito kama vigae, chuma au mbolea, ambao kwa lori ungepita kwenye mizani ya Mariakani. Ya pili humfaa mwenye wakala anayemwamini Mombasa na anayetaka mzigo ukaguliwe karibu na meli. Mwenye kasha moja jepesi analolihitaji kwa haraka mlangoni pake ajiulize vizuri, kwa kuwa treni inaishia Embakasi na kutoka hapo bado atakodi lori.

Ukichagua njia ya kwanza, mwandikie muuzaji wako kabla hajakabidhi kasha kwa kampuni ya meli, na umtake akutumie rasimu ya hati ya shehena uisome wewe mwenyewe. Bandari ya kushushia iwe Mombasa. Mahali pa kukabidhiwa mzigo paandikwe kuwa bandari kavu ya Nairobi, Embakasi, kwa maneno kamili. Niliwahi kushughulikia kasha la vigae ambalo rasimu yake ilisema «Nairobi» tu. Muuzaji aliona inatosha, nasi tukaipitisha bila kuiuliza. Kampuni ya meli ililihesabu kuwa mzigo wa Mombasa, nalo likakaa Kilindini siku kadhaa tukisubiri orodha ya shehena ya meli irekebishwe, huku tozo za kuhifadhi zikipanda kila kulipokucha. Neno moja lingetuokoa.

Katika rasimu hiyo hiyo hakiki namba ya kasha, yaani herufi 4 na tarakimu 7 ambazo ya mwisho kati yake ni ya uhakiki. Namba ya lakiri, ile iliyofungia mlango wa kasha. Na uzito uliothibitishwa. Tangu Julai 1, 2016 kasha lenye mzigo haliruhusiwi kupakiwa melini bila uzito huo, na uzito wa kubuni humsumbua pia mpangaji wa mabehewa.

Wakati mzigo ukiwa njiani, kamilisha nyaraka za Kenya. Fomu ya kutangaza uagizaji huombwa kwa njia ya mtandao katika mfumo wa dirisha moja unaosimamiwa na KenTrade, na utahitaji PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato), ankara ya muuzaji na maelezo sahihi ya bidhaa. Kwa bidhaa zinazotakiwa kukaguliwa katika nchi zitokako, cheti cha ubora kinachotambuliwa na KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, kitolewe kabla ya safari, kwa kuwa kukitafuta mzigo ukiwa umeshafika ni kujitafutia gharama na mvutano. Ambatisha pia orodha ya vifurushi, na uhakikishe kwamba idadi zake zinalingana na ankara.

Siku chache kabla meli haijafika, mwombe wakala wako aangalie katika mfumo wa forodha kama kasha lako limeandikwa kwenda Embakasi. Marekebisho huombwa na kampuni ya meli au wakala wake, si na mwagizaji, na yakiombwa mapema hayasumbui. Ulizia pia, tena kwa maandishi, kama nauli ya reli imo katika bei uliyolipa au utadaiwa Embakasi pamoja na tozo za bandari.

Kwa njia ya pili, maliza kwanza forodha Mombasa: kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iwasilishwe, kodi ilipwe, ukaguzi ufanyike na idhini ya kuachiliwa mzigo itolewe. Kisha ombi lipelekwe kwa ofisi ya mizigo ya Shirika la Reli likitaja namba ya kila kasha, ukubwa, uzito, aina ya mzigo na jina la mpokeaji, pamoja na nakala za hati ya shehena, idhini ya forodha na hati ya kampuni ya meli ya kuruhusu mzigo utolewe. Ukishalipa ankara ya nauli, pata hati ya usafirishaji yenye namba za makasha yako, na uzisome moja moja kabla ya kuondoka dirishani.

Kasha likifika Embakasi, msongamano unaweza kukupokea huko huko. Bandari kavu hiyo ilifunguliwa mwaka 1984 na baadaye ikapanuliwa hadi uwezo wa makasha 450,000 ya futi 20 kwa mwaka, lakini mwaka 2018 treni zilileta mizigo kwa kasi iliyowashinda wagomboaji, na yadi ikajaa. Kwa mzigo wa njia ya kwanza, basi, kadhia iandaliwe kabla treni haijafika. Baada ya kodi na ukaguzi, lipa tozo za Halmashauri ya Bandari, chukua kibali cha kuondoa kasha, na uagize lori baada ya kibali kutoka, kwani dereva anayelala nje ya lango naye hulipwa.

Mwenye mzigo wa Uganda, Rwanda au Sudan Kusini hufuata mpango mwingine, unaohitaji dhamana ya forodha na lakiri ya kielektroniki, na anaweza kuomba mzigo upitie bandari kavu ya Naivasha.

Linabaki kasha tupu, na hapa ndipo faida ya treni hupotelea kimyakimya. Baadhi ya kampuni za meli hutaka kasha lirudishwe Mombasa, nawe utalipia safari ya pili ya kilomita 472 kubeba hewa. Omba wakati wa kuandaa hati ya shehena kwamba lirudishiwe katika yadi ya Nairobi, na ueleze siku ngapi unahitaji. Siku ya kulirudisha, lipige picha pande zote na ndani, chukua hati ya makabidhiano yenye tarehe na muhuri, na uitunze mpaka amana ya kasha uliyoweka kwa kampuni ya meli irudishwe.