Namna ya kuzikagua nyumba za Stanisław Witkiewicz mjini Zakopane

Mimi ni seremala, kwa hiyo nyumba ya mbao naianzia kwenye pembe. Nawe ukifika Zakopane, kusini mwa Polandi, anzia hapo hapo, kwenye nyumba ya Koliba aliyoibuni Witkiewicz, iliyoko barabara ya Kościeliska. Ujenzi wake ulianza 1892, na siku hizi ni makumbusho, hivyo utaingia hadi ndani.

Kwanza zunguka nje. Magogo yamepasuliwa kati, yakalazwa moja juu ya jingine na kuumana pembeni bila haraka. Sogea karibu utazame maungio: nyuzi nyembamba za mbao zimesokotwa kama ukili, zikashindiliwa kati ya gogo na gogo kuzuia upepo. Ukiingia, inua kichwa uitafute boriti kuu ya dari, sosręb, yenye nakshi ya ua la duara. Milangoni, vigingi vya mbao vimepangwa kwa safu. Vinashika mlango, na papo hapo ndiyo pambo lake.

Ufundi huu wote ni wa wenyeji wa milima ya Tatra. Witkiewicz alikuwa mchoraji, hakusomea usanifu, na ugonjwa wa kifua ndio uliomleta milimani. Alikuta matajiri wakijijengea nyumba za mtindo wa Uswisi, ilhali mafundi hodari wako pale pale. Polandi yenyewe haikuwa na dola. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana. Yeye alitaka taifa zima lijenge kwa mtindo wake lenyewe, na kwa maoni yangu alikuwa na haki.

Kisha panda kilima cha Koziniec uione nyumba yake nyingine, Pod Jedlami, ya 1897. Ni makazi ya watu, itazame kwa nje. Simama upande wa chini wa mteremko ndipo utakapoona kipaji cha Witkiewicz: kibanda kidogo cha mlimani kimekuwa jumba la ghorofa juu ya msingi mrefu wa mawe, na bado paa halijapoteza sura yake.

Kanisa dogo alilolibuni kwenye mtaa wa Jaszczurówka, lililojengwa 1904 hadi 1907, lipe muda mrefu zaidi. Madhabahu ina umbo la nyumba ya mlimani. Usitoke kabla ya kuyaona madirisha ya vioo vya rangi: moja lina Bikira Maria wa Częstochowa na nembo ya Polandi, jingine Bikira Maria wa Ostra Brama, lango la mji wa Vilnius, na nembo ya Lithuania, alikozaliwa Witkiewicz. Wakati huo nchi zote mbili hazikuwa na dola.