Ukijeruhiwa katika ajali ya pikipiki Lubumbashi: namna ya kudai haki yako

Mtu anapoangushwa na pikipiki kwenye barabara ya Kasenga, au anapogongwa akivuka njia katika komine ya Kenya hapa hapa mjini, neno la kwanza analolisikia kutoka kwa watu waliokusanyika ni «mupatane». Motari, yaani mwendesha pikipiki, anaomba radhi, wenzake wanamzunguka, mtu mmoja anachangisha fedha kidogo za dawa, na baada ya nusu saa kila mmoja amekwenda zake. Siku tatu baadaye mguu umevimba, picha ya radio, yaani eksirei, inaonyesha mfupa umevunjika, na namba ya simu iliyoachwa haipatikani tena. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo na jamaa zake. Madai mengi ya namna hii hupotea kabla hayajafika mahakamani, kwa sababu karatasi hazikutengenezwa mapema, au kwa sababu aliyedaiwa ni motari peke yake, ambaye hana kitu.

Barabarani na hospitalini

Matibabu yanatangulia kila kitu. Hata hivyo, wakati majeruhi anapelekwa hospitali, inafaa ndugu au rafiki mmoja abaki mahali pa ajali mpaka polisi wa barabarani, wanaojulikana kama PCR, wafike na kuandika ripoti ya walichokiona, ile inayoitwa constat. Anayebaki apige picha za pikipiki mahali ilipolala kabla haijasogezwa, plaketi ya namba, alama za breki, na hali ya barabara. Kama hakuna plaketi, jambo ambalo si geni mjini kwetu, aandike namba ya fremu, rangi, na namba iliyo kwenye jile (kizibao) ya motari ikiwa ameivaa. Aombe kuona hati tatu: leseni ya kuendesha, carte rose (kadi ya usajili wa pikipiki), na cheti cha bima, yaani asiransi. Katika hizo zote, jina la kutazamwa kwa makini zaidi ni lile lililo kwenye carte rose, kwa sababu ndilo litakaloonyesha mwenye pikipiki.

Mashahidi nao wasiachwe waondoke bila kuchukuliwa jina na namba ya simu. Mama anayeuza ndizi kando ya njia huenda ndiye peke yake aliyeona kila kitu, na atapatikana hapo hapo hata baada ya miezi sita.

Maelezo yako polisini yataandikwa kwa Kifaransa katika karatasi inayoitwa procès-verbal, au PV. Usiitie sahihi kabla hujasomewa yote kwa lugha unayoielewa, na ukikuta neno ambalo hukulisema, omba lirekebishwe. Andika namba ya PV na jina la afisa aliyeiandika, kwa maana bila namba hiyo utazungushwa ofisi hadi ofisi. Ikiwa motari amekimbia, malalamiko yanaweza kuwekwa dhidi ya mtu asiyejulikana, na uchunguzi ukamtafuta.

Hospitalini, iwe ni Sendwe, kliniki za chuo kikuu au kituo kidogo cha mtaani, omba cheti cha daktari mapema iwezekanavyo. Cheti kinachosema tu kwamba «mgonjwa ameumia mguu» kina thamani ndogo. Kinachofaa hutaja tarehe na saa ya kupokelewa, kila jeraha kwa jina lake, matibabu yaliyofanyika, muda ambao hutaweza kufanya kazi, na kama kuna ulemavu unaotazamiwa kubaki. Afisa wa upelelezi, yule OPJ, anaweza pia kumwandikia daktari barua rasmi ya kumtaka atoe maoni yake, na barua hiyo huipa ripoti ya daktari uzito zaidi mbele ya hakimu. Hifadhi risiti zote, hata za bandeji na za teksi ya kwenda kubadilisha plasta. Pale ambapo karatasi hazipo, hakimu hukadiria fidia kwa busara yake tu, na makadirio hayo mara nyingi huwa chini ya ulichotumia.

Nani atalipa?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Sheria ya madai ya Kongo, katika sehemu ya mikataba na madeni iliyoanza na dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu aliyesababisha hasara kwa kosa lake analazimika kuifidia, na kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Hivyo motari anawajibika. Lakini kifungu cha 260 kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kinamwajibisha pia mtu kwa makosa ya wale anaowatumia kazi, na kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya uangalizi wake.

Tuseme mama mmoja ametoka Katuba kwenda mjini, akaangushwa na kijana aliyekuwa akiendesha pikipiki ya mtu mwingine. Kila jioni kijana huyo humpelekea mwenye pikipiki fedha walizokubaliana, zile tunazoziita versement, na kinachobaki ndicho chake. Kijana hana nyumba wala akiba. Mwenye pikipiki, kwa upande wake, anaweza kuwa na pikipiki nne na duka. Avoka mzuri, yaani mwanasheria wa kukutetea, atamtaja mwenye pikipiki tangu barua ya kwanza, na ataacha mabishano kuhusu kama alikuwa mwajiri au mkodishaji yaamuliwe na mahakama. Ndiyo maana jina la kwenye carte rose lina thamani kubwa namna hiyo, ingawa mara nyingine pikipiki imeuzwa bila hati kubadilishwa, na hapo itabidi kumtafuta mnunuzi kwa njia ya muuzaji.

Wa tatu ni kampuni ya bima. Tangu amri yenye nguvu ya sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, chombo chochote chenye injini kinachotembea barabarani lazima kiwe na bima ya kufidia watu wengine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na kwa hiyo leo ni lazima kusoma jina la kampuni kwenye cheti badala ya kukimbilia SONAS kwa mazoea. Iandikie kampuni ya bima mapema, ukiieleza ajali na kuambatanisha nakala za PV na cheti cha daktari, kisha dai nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usimngoje motari atoe taarifa, kwani huenda hataitoa kamwe. Kampuni ikinyamaza au ikikawia bila sababu, ARCA ndiyo mamlaka inayosimamia shughuli za bima nchini.

Ikiwa ulipata ajali ukienda au ukitoka kazini, ukiwa mwajiriwa aliyeandikishwa, mwambie mwajiri wako aitangaze ajali hiyo kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa sababu sheria ya mwaka 2016 ya hifadhi ya jamii inahesabu pia ajali za njiani.

Mahakama na muda

Kumjeruhi mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, ni kosa la jinai linaloadhibiwa na vifungu vya 52 na 54 vya sheria ya makosa ya jinai, kwa kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 pamoja na faini, au kwa moja ya adhabu hizo peke yake. Ikiwa mtu amekufa, kifungu cha 53 ndicho kinachotumika. Kesi hizi husikilizwa na tribunal de paix, ambayo twaweza kuiita mahakama ya amani. Unaweza kulalamika polisi au kwenye parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, kisha ukajiunga na kesi kama upande unaodai fidia, au ukamwita mshtakiwa moja kwa moja mbele ya mahakama kwa njia inayoitwa citation directe. Njia hii ya pili husaidia pale faili linapolala, lakini inahitaji uwe na ushahidi wako tayari.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuwa adhabu ya juu ya kujeruhi bila kukusudia ni mwaka 1, mashtaka yake hufa baada ya mwaka 1. Kwa kifo ni miaka 3. Nimeona watu wakingoja mpaka plasta itolewe, kisha mpaka mfupa uunge, kisha mpaka fedha za avoka zipatikane, na mwaka ukawa umepita. Baada ya hapo mahakama ya madai bado inaweza kusikiliza shauri, ila utabeba mwenyewe kazi ya kuthibitisha kila kitu bila msaada wa uchunguzi wa parke. Tena ujue kwamba fedha ambazo motari anatozwa na polisi kama faini ni za serikali. Hazikulipi wewe, na hupaswi kukubali kuambiwa kwamba kwa kulipwa kwake mambo yako yamekwisha.

Kupatana kwa akili

Kupatana si kosa, na kwa majeraha madogo mara nyingi ni bora kuliko kesi ya miezi mingi. Ugumu ni kwamba watu hupatana wakati mbaya, hasa majeruhi anapozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, na familia iko tayari kutia sahihi chochote ili atoke. Ukilazimika kupokea fedha wakati huo, karatasi iseme wazi kwamba ni malipo ya awali ya matibabu, na kwamba madai mengine yanabaki. Usitie sahihi maneno yanayosema huna dai lolote tena kabla daktari hajasema umepona au ulemavu wako umejulikana. Mapatano ya mwisho yaandikwe, yataje kiasi na tarehe za malipo, na mwenye pikipiki atie sahihi pamoja na motari.

Kumpata avoka

Mbele ya mahakama ya amani unaweza kusaidiwa na avoka au na défenseur judiciaire, mtetezi anayetambuliwa na sheria ingawa si avoka. Watu wanaokufuata kwenye ukumbi wa mahakama wakijitolea «kusukuma faili» si mmoja wa hao. Sheria ya mwaka 1979 inayopanga kazi ya maavoka inalitaka kila baraza lao liwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa watu wasio na kipato cha kutosha. Hapa Lubumbashi uliza kwenye ofisi ya baraza la maavoka la Haut-Katanga, ukiwa umebeba cheti cha umaskini. Ukimlipa avoka wako mwenyewe, makubaliano ya malipo yawe ya maandishi na kila fedha itolewe kwa risiti; mkigombana, malalamiko hupelekwa kwa bâtonnier, mkuu wa maavoka.

Siku ya hukumu uwepo, au umtume mtu wa kuaminika asikilize. Katika kesi ya jinai, asiyeridhika ana siku 10 tu za kukata rufaa, na siku hizo huanza kuhesabiwa hukumu inaposomwa mbele ya pande zote, hata kama nakala yake bado haijachapwa.