Kusafisha kaboni: angalia kwanza petroli inaingilia wapi

Kabla ya kulipia kusafisha kaboni (ukoko mweusi unaoganda ndani ya injini) gereji yoyote ya Kampala, jua injini yako inapokelea wapi petroli. Subaru yenye injini ya EJ20 hunyunyiziwa petroli nyuma ya vali za kuingiza hewa, kwa hiyo zinaoshwa kila wakati. Pesa hiyo nunulia plagi na oili nzuri.

Golf GTI ya Mk5 (toleo la tano) au BMW yenye injini ya N54 ni habari nyingine. Injekta, yaani kinyunyizio cha petroli, iko ndani ya silinda, petroli haigusi vali, na mvuke wa oili unagandia kwenye vali hadi njia ya hewa inakuwa finyu. Injini hutetemeka asubuhi ikiwa baridi, halafu nguvu inapungua ukikanyaga sana. Pima plagi na koili kwanza, kisha fundi aingize kamera.

Ukoko huo unatolewa na maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa, yakipulizwa kwa kompresa manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa) ikiwa imefunguliwa. Zungusha krenki mpaka vali za silinda hiyo zifunge kabisa; zikibaki wazi hata kidogo, chenga zinashuka ndani na kukwaruza kuta. Rudishia kwa gasketi mpya. Mashine ya haidrojeni, inayopitisha gesi hiyo kwenye injini, usiitegemee kung'oa ukoko mgumu hivyo.