Somo: Kukunja waya mrefu wa shughuli usisokotane, na kuuweka usiliwe na chumvi

Waya mrefu wa umeme tunaoutandaza harusini, maulidini, kwenye meza za chakula za Forodhani, Unguja, na viwanja vya sikukuu, mara nyingi hauharibiki ukiwa kazini. Unaharibika shughuli inapokwisha, usiku, watu wamechoka, mmoja anauzungushia kisugudini, yaani kwenye kiwiko cha mkono, haraka haraka na kuutupa garini na mchanga wake. Somo hili ni la waya wa mita 25 hadi 50, wenye nyaya tatu ndani, za milimita mraba 1.5 au 2.5.

Tuanze na hicho kisugudi. Kila mzunguko unaoupitisha baina ya kiganja na kisugudi unautia waya msokoto mmoja mzima. Mzunguko mmoja unachukua kama mita moja, kwa hiyo waya wa mita 25 unapata misokoto kama 25, yote upande mmoja. Nyaya za ndani zimesukwa tokea kiwandani: ukizidi kuzisokota zinajibana, ukizisokota kinyume zinafumuka na kuvimbisha ganda. Nyuzi za shaba zinakatika moja moja, hasa karibu na plagi. Zilizobaki ndizo zinazobeba mzigo wote, na pahala hapo panapata moto.

1. Kuchomoa. Zima vyombo, zima swichi ya ukutani, chomoa ukutani kwanza, ndipo uende upande wa pili. Ukifanya kinyume utaacha soketi yenye moto imelala kwenye majani yenye umande.

2. Kunyoosha na kufuta. Utandaze waya wote. Upitishe ndani ya kitambaa kilicholowa maji ya bomba, kisha kitambaa kikavu. Usiharakishe hapa, maana kiganja kinagundua usichokiona usiku: pahala palipovimba, palipolainika, palipochubuka hadi rangi ya kahawia, buluu au kijani na njano ya ndani ikaonekana. Meno ya plagi yakiwa meusi, au plastiki inanuka kuungua, huenda skrubu ya ndani imelegea. Waya huo usirudi kazini mpaka fundi aufungue.

3. Mkunjo wa kwanza. Shika ncha yenye soketi kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia vuta kama mita moja na nusu, uilete kushoto huku ukiuviringisha waya kidogo baina ya dole gumba na kidole cha shahada, mpaka duara lilale lenyewe. Upana wake uwe kama sentimita 50 kwa waya wa 1.5, na 60 kwa wa 2.5.

4. Mkunjo wa pili. Hapa ndipo penye kazi. Kabla ya kushika, geuza mkono wa kulia, kiganja kitazame nje na dole gumba lielekee chini. Vuta urefu uleule, na unapouleta kushoto urudishe mkono katika hali yake. Waya unaobaki utatokea upande wa ndani wa duara badala ya nje. Endelea hivyo, wa kwanza, wa pili, wa kwanza, wa pili. Msokoto wa mkunjo mmoja unafutwa na wa mwenzake. Duara likijikunja kama namba nane, umefuatisha miwili ya aina moja. Rudi nyuma urekebishe.

Angalia sana ncha isipite katikati ya pindi, yaani mikunjo uliyokwisha kuikusanya. Ikipita, siku ya kuufungua utapata fundo kila baada ya mikunjo miwili, na wengi wamekata tamaa na njia hii kwa sababu hiyo tu.

Waya wa mita 50 wa 2.5 ni mzito kwa mkono. Ulaze chini kwa umbo la namba nane, nao hausokotani.

5. Kufunga. Chomeka plagi kwenye soketi yake yenyewe, mchanga na sisimizi wasiingie. Funga pahala patatu kwa vipande vya kanga kuukuu. Kamba ya usumba siipendekezi: makumbi yamefukiwa pwani kwenye maji ya chumvi kabla ya kusokotwa, na usumba unashika unyevu.

6. Kuweka. Msumari mmoja unaukunja waya pahala pamoja kwa miezi. Tundika kwenye kipande cha bomba la inchi 4 au ubao mpana. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe kuta zake zinatoa chumvi, kwa hiyo pindi lisiguse ukuta. Lisikae chini ya mabati wala karibu na dizeli ya jenereta, maana mafuta yanavimbisha mpira. Na liwe mbali na boriti wanazopita panya.

Maswali ya wanachama

*Wete:* Asalaam alaykum. Waya wangu umeshasokotana kama nywele. Nifanyeje?

Waalaykum salaam. Uanike juani nusu saa ulainike, kisha uteremshe kutoka ghorofani ncha ya chini ikiwa huru. Utazunguka wenyewe mpaka utulie. Kama hakuna ghorofa, shika ncha moja, utembee nao kiganjani ukisukuma msokoto hadi mwisho. Ukibaki na vinundu vigumu, huenda ndani umeshakatika.

*Nungwi:* Yangu ni ya roli, yaani gurudumu la kuviringia waya. Lazima niifungue yote kwa birika la umeme tu?

Lazima, ndugu yangu. Soma kibandiko: roli nyingi za ampea 13 zinabeba kama wati 3,000 zikifunuliwa zote, na kama 1,000 tu zikiwa zimeviringwa. Birika lina wati 2,000 au zaidi. Joto la katikati halina pa kutokea, ganda linayeyuka na nyaya zinagusana.

*Chake Chake:* Mita 50 za 1.5 zinatosha friza na spika?

Ukivuta ampea 10 unapoteza kama volti 13 njiani. Kwa 2.5 ni kama 8. Umeme ukiwa mdogo jioni, friza ndiyo itakayoumia. Chukua 2.5.

*Makunduchi:* Soketi imeanguka maji ya bahari. Nikiianika inatosha?

Haitoshi, chumvi inabaki ndani. Soketi itupe. Kata waya sentimita 15, uangalie shaba. Ikiwa ya kijani au nyeusi kata tena mpaka ing'ae, ndipo ufunge soketi mpya. Ganda nalo lioshwe kwa maji ya bomba.

*Mwanakwerekwe:* Nimenunua waya wa mtumba, wa rangi ya chungwa, plagi ya buluu yenye meno ya duara. Ni wa nini?

Huo ni wa karavani za Ulaya: ampea 16, kwa kawaida mita 25 za 2.5. Ni waya mzuri. Mwambie fundi afunge plagi yetu ya meno matatu yenye fyuzi ya 13, na soketi upande wa pili. Waya wa kijani na njano usiachwe ukining'inia bila kufungwa kwenye ethi, yaani pahala pa waya wa ardhini.

*Mkoani:* Nikiunga kwa tepu pahala palipokatika?

Hapana. Kata hapo, upate nyaya mbili fupi, kila moja na plagi na soketi yake.