Kushusha gari la misuli: pima nafasi ya gurudumu kabla ya kuchagua springi

Camaro, Chevelle, Mustang, Charger na wenzao wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 walitoka viwandani Marekani wakiwa wamesimama juu, springi laini, injini nzito ya V8 mbele: hayo ndiyo magari ya misuli. Kila anayetaka kulishusha gari la aina hii huanza na swali la inchi: lishuke ngapi? Swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: gari likishuka, gurudumu litabaki na nafasi kiasi gani ya kupanda kabla mkono (chuma kinachoshika gurudumu na kupanda nalo) haujagota? Nafasi hiyo ikiisha, raba ya kugotea ndiyo inayobeba gari, nayo ni ngumu kuliko springi yoyote utakayonunua. Ukiwa katikati ya kona, tairi hupoteza mshiko ghafla, na shokapu hufa mapema kwa kugongwa ndani.

Hatua ya 1: Pima gari lilivyo sasa

Liweke kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi sawa, tangi nusu au zaidi, na hakuna mizigo kwenye buti. Lisukume mbele na nyuma mita chache ili matairi yalegee, kisha libonyeze kila kona mara mbili tatu na uliache litulie lenyewe. Sasa pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne. Usipime kutoka chini, kwa sababu ukibadilisha tairi au upepo kipimo kinabadilika.

Pima pia pengo kati ya raba ya kugotea na chuma inachogonga. Hapa wengi hujidanganya. Raba mara nyingi iko katikati ya mkono, si kwenye gurudumu. Kama iko nusu ya urefu wa mkono, pengo la inchi 1.5 ni inchi 3 za mwendo kwenye gurudumu. Andika kipimo cha gurudumu, kwa sababu ndicho utakachokitumia.

Kona moja ikiwa chini kuliko nyingine kwa zaidi ya sentimita moja, usiagize kitu bado. Tafuta kwanza springi iliyochoka, bushi zilizokwisha au, kwa Camaro ya kizazi cha kwanza, raba za bodi zilizooza kati ya fremu ya mbele na bodi. Springi mpya haziponyi gari lililopinda.

Hatua ya 2: Jua gari lako linabebwa na nini

Chevelle za 1964 hadi 1972 zina springi za koili (waya nene uliozungushwa) kona zote nne. Camaro za 1967 hadi 1969 zina koili mbele na springi za bapa (vyuma bapa virefu vilivyopinda) nyuma. Mustang za mwanzo nazo zina koili mbele na bapa nyuma, ila koili yake hukaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara wa shokapu, kwa hiyo kazi ya kuitoa ni tofauti kabisa.

Charger, Challenger na Barracuda za wakati huo hazina koili mbele. Zinabebwa na toshen ba, nondo inayojisokota. Zina bolti ya kurekebishia kimo, na ndiyo mtego wenyewe: unalegeza bolti dakika tano, gari linashuka, unafurahi. Lakini ugumu wa nondo haukuongezeka hata kidogo na nafasi ya kupanda imepungua. Kwa magari haya, kushusha huenda pamoja na kununua nondo nene zaidi. Ugumu wake huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo kutoka inchi 0.92 kwenda inchi 1.00 unapata takriban asilimia 40 zaidi.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya springi ya mbele

Springi haihisiwi na gurudumu moja kwa moja, kwa sababu mkono ni wenzo. Pima kutoka bolti za mkono hadi katikati ya springi, gawanya kwa umbali kutoka bolti hizo hizo hadi boljointi (kiungo cha mwisho wa mkono, upande wa gurudumu), kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Chukua mfano wa springi ya pauni 500 kwa inchi iliyokaa nusu ya mkono: 0.5 mara 0.5 mara 500 ni pauni 125 kwa inchi kwenye gurudumu. Kona ikibebeshwa pauni 850 (kilo 385 hivi) bila kuhesabu gurudumu na breki, gawanya 125 kwa 850, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 3.13. Unapata mitikisiko 1.2 kwa sekunde, yaani gari laini la safari. Springi ya 650 inakupa karibu 1.4, ambayo kwa gari la barabarani lenye kasi ni mahali pazuri pa kusimama. Ukienda mbali zaidi ya 1.7, matairi huanza kurukaruka kwenye lami mbaya.

Sasa sehemu inayowagharimu watu springi mbili. Ukiweka springi ngumu yenye urefu uleule wa awali, gari *linapanda*. Kwa mfano wetu springi inabeba pauni 1,700, maana wenzo unazidisha mzigo mara mbili. Springi ya 500 hujikunja inchi 3.4, ya 650 inchi 2.6. Tofauti ya inchi 0.8 kwenye springi ni inchi 1.6 kwenye gurudumu. Ukitaka gari lishuke inchi 1.5, springi mpya lazima iwe fupi kwa takriban inchi 1.5 ikiwa huru: 0.8 za kufidia ugumu, na 0.75 za kushusha kwenyewe. Muuzaji asipoweza kukuambia urefu wa springi ikiwa huru na ugumu wake, usinunue. Na mwambie injini yako kwa ukamilifu: V8 kubwa ya chuma ya Chevrolet ni nzito kuliko ile ndogo kwa kilo 50 hivi, na kiyoyozi kinaongeza mzigo wake.

Ulinganishe na nafasi uliyopima. Nafasi ikitoka inchi 3 hadi 2, ili gurudumu limeze tuta lilelile bila kugota unahitaji ugumu mara 2.25, na hakuna atakayefurahia kuendesha gari hilo. Kwa hiyo usiache chini ya inchi 2 mbele na inchi 2.5 nyuma, tena tumia raba za kugotea za povu zinazokaza polepole badala ya zile ngumu za zamani. Kwa magari mengi ya aina hii hesabu hiyo inaishia kwenye mshuko wa inchi 1 hadi 2.

Kukata springi? Inawezekana kwa koili ambayo ncha yake ni wazi, haikubanwa wala kufungwa kama mkia wa nguruwe, na ukate kwa diski, nusu duara kila mara. Koili yenye duara 8 zinazofanya kazi ikikatwa nusu inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 7. Moto wa gesi usiukaribie: chuma hupoteza uimara wake, springi hulala ndani ya wiki chache au hukatika.

Njia nyingine, ambayo kwa Chevelle na Camaro naipendelea kama fedha inatosha, ni stabu ekseli (chuma kinachobeba gurudumu mwishoni mwa mikono) za kushusha inchi 2. Gari linashuka lakini mikono inabaki kwenye pembe yake, nafasi ya kupanda hailiwi. Zipimie rimu zako kwanza, maana baadhi hugusa.

Kwa Mustang ya 1965 na 1966, kuna marekebisho yaliyobuniwa na mhandisi wa Ford Klaus Arning na kutumika kwenye Shelby GT350 ya 1965: matundu ya mkono wa juu hutobolewa upya inchi 1 chini na 1/8 nyuma. Gari hushuka kidogo, na muhimu zaidi, sehemu ya juu ya gurudumu la nje hulala ndani kwenye kona badala ya kulala nje. Tumia kigezo cha chuma cha kutobolea, usikadirie kwa jicho.

Hatua ya 4: Nyuma

Springi za bapa unaweza kuzishusha kwa vipande vya chuma kati ya bapa na ekseli, au kununua bapa zilizopunguzwa upinde. Vipande ni rahisi lakini vinaongeza wenzo unaoisokota springi ukikanyaga mafuta. Inchi 2 ndio mwisho, na kamwe usipange kipande juu ya kipande. Tundu la kipande lazima likae sawasawa kwenye kichwa cha senta bolti, na yubolti ziwe mpya. Kwa Camaro ya 1967 yenye bapa moja tu kila upande usiweke vipande kabisa. Bapa hiyo tayari hujipinda hadi ekseli kurukaruka. Weka bapa nyingi. Mwaka 1968 Chevrolet yenyewe ilizipanga shokapu za nyuma moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kupunguza mrukoruko huo.

Baada ya kushusha, pima pembe ya pinioni (mwelekeo wa pua ya difu). Kwa bapa, pua ya difu ielekee chini nyuzi 2 hadi 3 ukilinganisha na mstari wa giaboksi, kwa sababu nguvu ikija pua huinuka. Ukipuuza, krosi za propela zitakuimbia kwa mtetemo. Rekebisha kwa kabari za chuma, si za alumini laini.

Kwa Chevelle, usitie bushi za polyurethane kwenye mikono ya juu ya nyuma. Mikono ile imekaa mshazari na lazima ijisokote kidogo. Bushi ngumu huibana na nyuma hupoteza mshiko bila onyo.

Hatua ya 5: Shokapu na stabilaiza

Gari likiwa kwenye kimo kipya, fimbo ya shokapu iwe karibu na katikati ya mwendo wake. Shokapu za urefu wa awali zinaweza kugota kabla ya raba. Zile za gesi zenye silinda moja humudu springi ngumu vizuri. Stabilaiza, nondo inayozuia gari kulala kwenye kona, nayo hufuata hesabu ya kipenyo: kutoka inchi 1 hadi 1.125, ikiwa chuma kizima cha umbo lilelile, ni asilimia 60 zaidi. Anza na ya mbele, endesha, ndipo uamue kuhusu nyuma.

Hatua ya 6: Kufunga springi ya mbele (Chevelle na Camaro)

Springi iliyobanwa inaua. Gari likae kwenye stendi chini ya fremu. Toa shokapu, kiungo cha stabilaiza na tairodi. Pitisha mnyororo ndani ya springi na kuuzungusha kwenye fremu. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, ibebe mzigo. Toa splitipini, legeza nati ya boljointi ya chini mizunguko mitatu *bila kuitoa*, kisha gonga ubavu wa stabu ekseli kwa nyundo nzito mpaka uachie kwa mlio mkali. Nati iliyobaki ndiyo inayokuzuia kuumia. Pandisha jeki kidogo, toa nati, teremsha polepole mpaka springi ilegee.

Unaporudisha, zungusha springi mpaka ncha yake ya chini ifunike tundu moja kati ya mawili kwenye kikombe cha mkono, la pili libaki wazi, walau kwa sehemu. Ikikaa vibaya, kona hiyo itasimama juu na utailaumu springi.

Bolti za bushi za raba zikazwe kwa spana ya toki gari likiwa limesimama kwenye matairi. Ukizikaza likiwa linaning'inia, raba husokotwa kila wakati, gari hukaa juu na bushi huchanika. Bapa za nyuma zifanyie vivyo hivyo.

Kabla ya kuendesha, zungusha stelingi mwisho hadi mwisho uangalie mipira ya breki na madigadi, na nyuma angalia bomba la moshi linapopita juu ya ekseli.

Hatua ya 7: Alaimenti

Vipimo vya kiwandani vililengwa kwa matairi ya zamani. Kwa radial, kemba (kuinama kwa gurudumu ndani au nje) iwe hasi, yaani juu kuelekea ndani, nyuzi 0.5 hadi 0.75, kasta (kuinama kwa mhimili wa stelingi kuelekea nyuma) chanya 3 hadi 5 kama stelingi ina pawa, na matairi yaelekeane kwa mbele jumla ya milimita 1.5 hivi. Fanya alaimenti ya kwanza siku ile ile, kaza yubolti tena baada ya kilomita 100, kisha baada ya kilomita 500, springi zikishalala milimita chache, pima kona zote nne upya na urudi kwenye alaimenti.