Mtoto kiziwi na mzazi wake: anzeni na macho

Ukishaambiwa mtoto wako hasikii, wiki hiyohiyo unajazwa mambo kichwani, tarehe za vipimo, mashine za masikio, huyu anakwambia mfundishe lugha ya alama, yule anakwambia usithubutu, na katikati ya yote hayo kuna kitu kinapotea kimyakimya, nacho ni kule kukaa na mwanao tu, mkatazamana, mkacheka. Kazi yangu ni kutembelea familia zenye watoto viziwi wadogo na naliona hili karibu kila nyumba, mama aliyekuwa anamwimbia mtoto mimba ikiwa ya miezi minane, leo amekaa kimya kwa sababu anajiuliza naongea na nani sasa.

Endelea kuongea naye mama. Uso wako ukifurahi anauona, kifua chako kikitetemeka ukiimba anakisikia kwa ngozi, na kile anachojifunza muda huo ni kwamba kuna mtu anamtaka. Lugha yoyote mtakayochagua baadaye itaota hapohapo.

Vipimo na miadi usiviache lakini, muda ni wa thamani sana. Wataalamu wanatumia hesabu ya 1-3-6, yani mtoto apimwe kabla hajafika mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, huduma zianze kabla ya miezi 6. Kama mwanao ameshapita umri huo usikae kujilaumu, anza leo. Na ujue zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo wengi wenu mtoto huyu ndo kiziwi wa kwanza kuishi naye, kutojua pa kuanzia ni kawaida kabisa.

Sasa tuje kwenye macho, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi yenyewe.

Mtoto anayesikia anaweza kuwa anaukodolea mpira na huku sauti yako inamwingia, vyote kwa mpigo mmoja. Kiziwi anavipokea kwa zamu, anaangalia mpira kwanza, halafu anakuangalia wewe, halafu anaurudia mpira. Kuna mama nilikuwa nimekaa naye mkekani, mtoto wa miezi kumi anauzungusha mpira, mama anamshika kidevu anamgeuza, "mpira! mpira!", mtoto anajinyonga kurudi kwenye mpira wake, mama anamgeuza tena, mpaka mtoto akaanza kulia na mama naye machozi yakamlenga. Nikamwomba tufanye kitu kimoja tu, asubiri. Mikono mapajani, uso umetulia, asubiri. Ilichukua muda mrefu kweli, yani mpaka nikaona mabega yake yanakakamaa, halafu mtoto akainua macho mwenyewe kumtafuta mama yake, mama akatabasamu kwa uso wote, akafanya alama ya mpira, akautaja, akanyamaza. Mtoto akarudi kwenye mpira. Baada ya kidogo akainua macho tena!

Wazazi viziwi wanafanya hivi siku nzima bila hata kufikiria. Kitu anachokichezea mtoto wanakisogeza karibu na uso wao ili aone vyote viwili, au wanaifanya alama pembeni ya kitu chenyewe, au juu ya mwili wa mtoto, wanamgusa mguu au bega taratibu wakitaka atazame, wanapunga mkono pale macho yake yanapofika, na wakishapata macho hawaharakishi, sentensi fupi halafu wanamwachia arudi kwenye mchezo wake. Ukimpata mzazi kiziwi au mtu mzima kiziwi akakubali kuja kwako mara kwa mara, mkaribishe, utajifunza kwake vitu ambavyo mimi ninayesikia siwezi kukupa vyote. Na we ukikaa na mtoto usilipe mgongo dirisha, mwanga ukiwa nyuma yako uso wako unakuwa kivuli.

Halafu kuna hili la kupotea. Mtoto akilia na wewe uko jikoni unapaza sauti "nakuja mwanangu", anayesikia anatulia kidogo maana sauti imeshatangulia, kiziwi kwake mama hayupo mpaka amwone, na ukiondoka chumbani wakati amegeukia kwingine, akigeuka umeyeyuka. Kwa hiyo kila ukitoka muage, mguse, mwonyeshe unaenda wapi, ukirudi ingia kwa upande anaouona. Kabla hujamnyanyua mguse kwanza. Kabla ya kumvua mashine zake wakati wa kuoga mwonyeshe masikio, maana unamwondolea sauti zote alizokuwa nazo.

Kitu kingine, punguza mitihani. Mzazi akitoka kliniki na karatasi ya mazoezi anageuka mwalimu, hii nini? sema! fanya alama! Mtoto anachoka na wewe unachoka. Badala ya kumwuliza, mwambie unachoona yeye anakipenda, paka amelala, maji ya moto, kofia imeanguka. Akikuonyesha kitu kwa kidole, hayo ni maongezi tayari, mjibu.

Kuhusu mashine au alama, uamuzi ni wa familia na mna haki ya kupewa taarifa zote bila kusukumwa, ila lugha isisubiri mashine. Hata kama mtoto atawekewa koklea implanti, yani kifaa cha kusikilizia kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji, kuna kusubiri upasuaji, halafu kuna wiki kadhaa za kidonda kupona ndo iwashwe, halafu kuna miezi ya kujifunza hizo sauti, sasa muda wote huo atakuwa anaongea na nyie kwa lugha gani? Alama hazimzuii mtoto kujifunza kusema, na utakosea nyingi mwanzoni, haina shida, mtangulie maneno machache kila siku. Baba naye ajifunze, na bibi, na kaka zake, isiwe mama peke yake ndo mkalimani wa nyumba nzima, na mezani watu wakicheka mtoto aambiwe wanacheka nini saa hiyohiyo.

Wenzangu mnaotoa huduma, mkiingia kwenye nyumba msimchukue mtoto mkakaa naye nyie mzazi akiwa anaangalia pembeni, maana mkiondoka anabaki na wazo kwamba mtaalamu ndo anamweza mwanangu. Mwachieni mzazi acheze, mrekodi dakika tano kwa simu yake, mwangalie pamoja, na mumwonyeshe pale mtoto alipomtafuta kwa macho. Wengi hawakuwa wamepaona.

Na usiku msikimbilie kuzima taa, giza likiingia maongezi yote yamekatika. Nyumba moja wameweka taa ndogo ukutani, baba anakaa ukingoni mwa kitanda, wanasimuliana siku ilivyokwenda kwa alama zao chache, akimaliza anaifanya alama ya kulala ndani ya kiganja cha mtoto ili aihisi, anamwachia mkono wake ashikilie, ndo anazima.