Dawa ya Mwarubaini Haipuliziwi Juani

Kila msimu, wakulima wa mahindi wa Unguja na Pemba wanaotumia mwarubaini dhidi ya kiwavijeshi vamizi hutuletea lalamiko lile lile, kwamba dawa haifanyi kazi. Ukiwauliza wamepulizia saa ngapi, jibu ni saa tatu au saa nne asubuhi. Kosa liko hapo, na chanzo chake ni maelekezo yanayopokezanwa mashambani kwamba kokwa za mwarubaini zilowekwe usiku kucha: mtu akiamka huchuja dawa yake, hujaza bomba, na anapofika katikati ya shamba jua limeshakuwa kali.

Kinachomdhuru kiwavi katika mwarubaini ni azadiraktini, nayo huharibiwa upesi na mwanga wa jua. Kiwavi mwenyewe mchana hujificha ndani ya moyo wa mhindi, yaani majani machanga ya katikati yaliyojikunja, akatoka kula zaidi jioni na usiku. Anayepulizia saa tatu anaiacha dawa juu ya jani kutwa nzima, na mlaji anapotokea hakuna cha maana kilichobaki. Kazi yote ya kuokota, kumenya na kutwanga imekwenda bure, na wengi hapo hukimbilia dukani kununua sumu kali.

Kwa hiyo geuzeni ratiba. Kokwa zilowekwe saa 12 asubuhi, dawa ichujwe saa 11 jioni, na upuliziaji uendelee mpaka magharibi. Asiyeweza kumaliza shamba kabla ya giza aligawe kwa siku mbili na aloweke nyingine kwa siku ya pili, kwani dawa iliyolala kwenye ndoo haifai. Tumekwisha kulisema hili mara nyingi, na bado tunakuta madumu ya juzi yamewekwa pembeni mwa shamba, tena juani.

Kipimo ni gramu 50 za kokwa zilizomenywa na kutwangwa kwa kila lita moja ya maji, yaani gramu 750 kwa bomba la lita 15. Zipimwe kwa mizani. Kopo la maziwa si kipimo, kwa sababu kokwa zilizotwangwa laini na zilizotwangwa chenga hazilingani koponi. Chuja kwa kitambaa kizito ili bomba lisizibe, kisha ongeza kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye jani. Maji ya mvua ni bora kuliko ya visima vya maweni, ambayo yana chokaa nyingi. Majivu yasitiwe kabisa, kwani dawa hii hudhoofika haraka kwenye maji yenye magadi au chokaa.

Madhara ya jua na joto huanza hata kabla ya shambani. Kokwa zikaushwe kivulini, zihifadhiwe penye hewa, na zisipitishe miezi minane. Zilizoota ukungu zitupwe. Wanaochemsha majani wakidhani wanaikoleza dawa wanaidhoofisha.

Siku ya kupulizia nayo ina hesabu yake. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, na mwarubaini humfaa kiwavi angali mdogo, wakati majani yana madoa meupe yanayopenya mwanga na bado hayajatoboka. Kagua miche 20 mfululizo katika sehemu tano za shamba mara mbili kwa wiki, tangu mahindi yanapoota. Ikifika miche 20 kati ya 100 yenye dalili, pulizia jioni hiyo hiyo, ncha ya bomba ikielekezwa ndani ya moyo wa mhindi, na rudia baada ya siku saba. Mvua ikinyesha usiku huo, rudia kesho yake jioni. Ukikuta kinyesi kama unga wa mbao kimejaa moyoni, kiwavi ameshakuwa mkubwa na dawa haitamfikia vizuri. Huyo mtoe kwa mkono umponde.

Usitarajie kuona maiti asubuhi, kwani kiwavi huacha kula kwanza na kufa baadaye. Jani jipya likichomoza bila matundu, dawa imefanya kazi.

Wanaonunua dawa ya bakteria aina ya Bt wafuate saa hizo hizo. Nayo huharibiwa na jua, na kiwavi hafi mpaka aile, hivyo pakiti isiwekwe chini ya paa la bati na dawa isichanganywe kabla ya saa kumi na nusu jioni.